Filamu ya Shule Hupimwa Siku Inapopangwa

Maandishi ya hotuba kwa walimu walezi wa klabu za drama na filamu, wazazi na wanafunzi wa Kericho na Bomet



Katika Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, ambalo fainali zake hufanywa mwezi wa Aprili, filamu fupi za wanafunzi hushindanishwa pamoja na michezo ya jukwaani, ngoma na mashairi. Tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ilipoanza katika shule za sekondari ya juu, Maigizo na Filamu ni somo linaloweza kuchaguliwa katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Filamu basi si burudani ya siku ya kufunga shule tu. Ni kazi inayokula muda wa mwanafunzi na pesa za mzazi. Mara nyingi pia hutumia sura ya mtu asiye mwanafunzi wala mwalimu: mchumaji wa majani chai, karani wa kituo cha kununulia majani, au nyanya aliyeketi mbele ya nyumba yake.

Kwa sababu hiyo, kuna jambo moja la kushikwa leo. Tathmini haingojei filamu iishe. Vitu vitakavyopimwa mwishoni huandikwa mwanzoni, kabla kamera haijawashwa. Klabu isiyofanya hivyo hufika Aprili ikiwa na picha nzuri za mashamba ya kijani, lakini haina jibu ikiulizwa ilitaka kusema nini.

Hadithi moja, mtu mmoja

Wakenya wengi wanaikumbuka filamu iitwayo Watu Wote. Ilitengenezwa na wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani kama kazi yao ya kuhitimu, ikiongozwa na Katja Benrath, na waigizaji wake walijumuisha Wakenya. Ina urefu wa dakika 22. Inatokana na shambulio la Desemba 2015 katika Kaunti ya Mandera, ambapo abiria Waislamu wa basi walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwaka wa 2017 ilishinda dhahabu katika tuzo za wanafunzi za Oscar, na mwaka wa 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe.

Somo lake kwa klabu ya shule haliko kwenye tuzo. Liko kwenye ukubwa wa hadithi. Wanafunzi wale hawakujaribu kueleza ugaidi wote wa Afrika Mashariki. Walimchukua mwanamke mmoja, Jua, wakampandisha basi moja katika safari moja. Mambo makubwa ya nchi yakaingia ndani ya basi lile yenyewe.

Huku kwenye chai, kosa la kawaida ni kuchagua kichwa kama “Maisha ya mkulima wa chai”. Hicho hakitoshei dakika nane. Kinachotosha ni kitu kama hiki: msichana wa Gredi ya 8 anahitaji mamake aweke sahihi kwenye karatasi ya shule kabla ya saa kumi, na mama yuko kituoni kwenye foleni ya mizani, na lori la kiwanda limechelewa. Kuna mtu, kuna anachotaka, kuna kizuizi, kuna mahali pamoja na alasiri moja. Bei ya majani, bonasi, uchovu wa mama na ndoto ya mtoto vyote vitaonekana humo bila mtu kuvihubiri.

Kupanga ni kuchagua. Ukurasa wa kwanza wa mpango uwe na sentensi tatu tu: mhusika ni nani, anataka nini, na mwishoni kumebadilika nini. Zikishindikana kuandikwa, mswada usianzwe.

Mvua na mabati

Baada ya hapo huja hesabu. Ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa mpangilio wa filamu huchukua takriban dakika moja kwenye skrini. Mswada wa kurasa 20 hauwezi kuwa filamu ya dakika nane hata mhariri akeshe. Kanuni za tamasha kuhusu urefu hutolewa mapema, na mwalimu mlezi azisome kabla ya mwanafunzi kuandika neno.

Kisha kuna hali ya hewa, ambayo hakuna mkazi anayehitaji kufundishwa. Nyanda hizi za juu zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mara nyingi asubuhi huwa angavu halafu wingu likafunga alasiri. Ratiba ya kurekodi ifuate desturi hiyo: matukio ya nje asubuhi, ya ndani baadaye. Hata hivyo, darasa lenye paa la mabati halifai kurekodiwa mvua ikinyesha, kwani hakuna neno la mwigizaji litakalosikika. Siku moja ya akiba iwekwe kwenye ratiba tangu mwanzo. Januari na Februari kwa kawaida ni miezi mikavu kuliko Aprili, kwa hivyo klabu inayosubiri hadi muhula unapokaribia kwisha hujitafutia shida.

Sauti ndiyo huangusha filamu nyingi za wanafunzi. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia maneno hufunga. Simu yenye kamera nzuri inatosha, mradi maikrofoni iwe karibu na mdomo wa mwigizaji na kila tukio lijaribiwe kwa kusikilizwa kabla ya kuendelea. Kila jioni picha zinakiliwe mahali pawili, kwani simu hupotea na stima hukatika.

Kazi nazo zigawanywe kwa majina: mwandishi, mwelekezi, mpiga picha, mrekodi sauti, mhariri, na mwanafunzi wa kutunza ratiba na vifaa. Mwalimu hashiki kamera. Akiishika, kinachopimwa ni kazi ya mwalimu.

Ruhusa kabla ya picha

Hapa ndipo filamu ya shule inaweza kumuumiza mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, na picha yake ni data. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 shule moja ya Nairobi kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Fomu ya idhini isiwe mstari mmoja wa “nimekubali”. Iseme filamu inahusu nini, itaonyeshwa wapi, na kama itawekwa kwenye intaneti. Isomwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, Kipsigis kikiwemo.

Mtu mzima pia ana haki yake. Mfano ni suala la mashine za kuchuma chai. Hili ni jambo zito katika kaunti hizi mbili, na mwaka wa 2023 mashine kadhaa zilichomwa katika mashamba ya Kericho. Mwanafunzi ambaye mamake alipoteza kazi ya kuchuma kwa mkono ana kila sababu ya kutaka kusimulia. Lakini mchumaji anayezungumza mbele ya kamera leo anaweza kuwa anatafuta kazi kesho, na aliye kwenye mashine naye ana familia. Kwa hivyo kabla ya kurekodi, mhojiwa aelezwe kwamba anaweza kukataa swali, kufichwa sura, au kubadilisha jina. Ikiwa hatari bado ni kubwa, hadithi igeuzwe kuwa ya kuigiza, wahusika wawe wa kubuni na mahali pasitajwe. Ukweli wake hautapungua.

Kuingia kwenye shamba la kampuni au kiwandani kunahitaji ruhusa ya maandishi ya wasimamizi, na usalama wa wanafunzi karibu na mashine na malori ni wajibu wa shule. Filamu itakayoonyeshwa hadharani inaguswa pia na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, kwa hivyo mwalimu aulize Bodi ya Kuainisha Filamu mapema. Na wimbo wa msanii unaopigwa kwenye matatu una mwenyewe. Kwaya ya shule ikitunga na kuimba wake, tatizo hilo halipo.

Namna ya kupima

Walimu wanavijua vipimo vinne vya mtaala: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Havina maana ikiwa matarajio yenyewe hayakuandikwa. Klabu inaweza kugawa alama 100 hivi: hadithi 30, picha na sauti 25, ushirikiano 20, na namna watu waliorekodiwa walivyotendewa 25. Mgawanyo huo ubandikwe ukutani siku ya kwanza, wanafunzi wauone na waupinge wakitaka.

Kuipima hadithi hakuhitaji mtaalamu. Toleo la kwanza lionyeshwe kwa watu kumi wasio wa klabu, wakiwemo mpishi wa shule na mzazi au wawili. Bila kuelezwa lolote, kila mmoja aulizwe maswali matatu: huyu ni nani, alitaka nini, kumebadilika nini? Majibu yalinganishwe na zile sentensi tatu za ukurasa wa kwanza. Watu saba wakijibu tofauti na mpango, kazi irudi kwa mhariri, au siku ya akiba itumike kurekodi upya. Watazamaji hawalaumiwi.

Ushirikiano nao hauonekani kwenye skrini. Ndiyo maana kila mwanafunzi aandike daftari fupi kila siku ya kazi: alifanya nini, nini kilikwama, nani alimsaidia. Mrekodi sauti mtulivu ambaye jina lake halitatajwa jukwaani hupata haki yake humo. Bila daftari, alama humwendea mwigizaji mkuu.

Zile alama 25 za mwisho hutolewa kwa kipimo kigumu kuliko vyote. Kabla ya jaji yeyote kuiona filamu, waliorekodiwa waione kwanza. Mama aliyepigwa picha na kikapu mgongoni na matope miguuni aketi aitazame, halafu aulizwe kama anajitambua na kama yuko tayari majirani zake waone. Akisema hapana, tukio litolewe hata likiwa ndilo zuri kuliko yote. Jibu hilo liwe kwenye mpango tangu mwanzo, kwa sababu wiki ya mashindano hakuna atakayekuwa na moyo wa kukata.

Klabu itakayofuata utaratibu huu huenda isipite ngazi ya kaunti ndogo, kwani mashindano yana mshindi mmoja. Lakini wanafunzi wake watakuwa wamejifunza kupanga kazi, kuhesabu muda, kusikiliza, na kumheshimu mtu wanayesimulia habari zake. Mzazi aliyechangia nauli anaweza kuonyeshwa hayo yote kwenye karatasi, alama kwa alama.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kila klabu iandike ukurasa mmoja wenye sentensi tatu za hadithi, siku za kurekodi pamoja na ile ya akiba, orodha ya watu wa kuombwa idhini, na mgawanyo wa alama. Mwalimu mkuu na mwakilishi wa wazazi wautie sahihi. Kamera isubiri sahihi hizo.