Daftari ni Ngao ya Mwenye Biashara Ndogo

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wenye biashara ndogo ndogo)



Nimeombwa niseme juu ya kodi. Najua neno hili halipendezi masikioni. Wazee wetu walilijua kwa uchungu. Mwaka 1897 Wadachi walitoa amri ya kodi ya nyumba, na Waingereza waliokuja baadaye wakatoza kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ile haikumwuliza mtu kama amevuna au amekosa. Ilihesabu vichwa tu.

Tulipodai Uhuru hatukudai nchi isiyo na kodi. Hospitali haijengwi kwa maneno matupu. Tulidai mtu alipe kwa kadiri ya pato lake. Lakini leo wengi wetu twajirudisha wenyewe katika kodi ya kichwa, kwa sababu hatuandiki hesabu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 yampima mwenye biashara ndogo kwa mauzo yake ya mwaka. Chukueni viwango vilivyowekwa mwaka 2019. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 hayakutozwa kitu. Yalipozidi hapo bila kupita milioni 7, asiye na hesabu alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenye hesabu alitakiwa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni 4.

Haya, tuhesabu. Mama ntilie ameuza milioni 5 kwa mwaka. Akiwa na daftari, atalipa shilingi 30,000. Jirani yake aliyeuza sawasawa naye, lakini hana daftari, atalipa 100,000. Shilingi 70,000 zimempotea kwa kukosa kalamu!

Liko na jambo la pili. Kodi ya mauzo haiulizi umetumia kiasi gani. Mwuza unga aliyeuza milioni 60 huenda amenunua mzigo kwa milioni 52, na pango, wapagazi na gari vikala milioni 5. Kilichobaki ni milioni 3. Je, huyu apimwe kwa milioni 60 au kwa milioni 3? Sheria yenyewe imempa mtu haki ya kuchagua kutoka katika kodi ya mauzo na kutozwa juu ya faida. Hapo ndipo gharama zake zinapokatwa kwanza.

Gharama gani? Ni zile zilizotumika kwa ajili ya kupata pato la biashara tu: bei ya bidhaa, pango la duka, mshahara wa msaidizi, nauli ya mzigo, umeme wa dukani. Cherehani au jokofu halikatwi lote kwa mara moja. Thamani yake hupunguzwa mwaka hata mwaka kwa kadiri ya kuchakaa. Lakini unga wa nyumbani, ada ya mtoto na sare ya harusi si gharama za duka. Faini hazikatwi. Rushwa haikatwi kamwe, na anayeitoa amejipatia hasara mbili.

Basi mtu asichague kwa kusikia maneno ya sokoni. Apige hesabu za njia zote mbili kwanza. Na hesabu haipigwi bila daftari na risiti. Asiyeweza kuonyesha gharama zake ni kama hakuzitumia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 imetaka kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5, msifungie maandazi.

Wako wanaosema, dawa ni kuficha mauzo. Ndugu zangu, huyo amwibia mtoto wake dawati la shule. Nasi hatutanyamaza kwa upande wa pili: mtoza kodi anayejua kudai na asimweleze mwananchi haki yake ya kukatiwa gharama, amefanya nusu ya kazi. Twataka maelezo yatolewe kwa Kiswahili chepesi, sokoni na mitaani.

Kila tawi lichague mtu mmoja ajuaye hesabu, awafundishe wenziwe jioni moja kila juma. Anzeni leo: ukurasa wa kushoto mauzo, wa kulia matumizi. Tulipe kilicho halali, wala tusilipe zaidi kwa ujinga.

Uhuru na Kazi!