CHUO NI WALIMU WAKE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu, Nyakasimbi)



Barua ya kunialika ilisema nizungumze juu ya "vyuo vikuu visivyo vya Serikali, viongozi wake, walimu wake na matawi yake." Nilipoisoma nilicheka kidogo, kwa sababu hilo ni jambo la kuzungumzia wiki nzima, na hapa nimeambiwa chakula kitakuwa tayari saa saba. Basi nitasema machache, nayo nitayaelekeza zaidi kwa vijana wa kidato cha nne na cha sita, maana wao ndio watakaojaza fomu.

Nianze na habari ya nyumbani. Kaka yangu ana mtoto wa kiume ambaye alichaguliwa kwenda kusoma katika tawi moja dogo la chuo kikuu kimoja hapa nchini. Chuo chenyewe sikitaji, si lazima. Siku jina lake lilipotoka tulikunywa chai na kumshukuru Mungu. Mkopo wa Serikali alipata sehemu tu, na sehemu iliyobaki ilikuwa juu ya baba yake. Ninyi mnajua mkulima wa Karagwe anapobanwa na ada hufanya nini. Kaka aliuza kahawa yake butura, ikiwa bado kijani mtini, kwa bei ambayo hata aliyeinunua aliona haya kuitaja mbele za watu.

Kijana alipofika mwaka wa pili, walimu wakaanza kupungua mmoja mmoja. Somo moja lilikaa miezi bila mtu wa kulifundisha. Mwisho ikaja taarifa kwamba tawi halitaendelea, na wanafunzi wahamie kwingine. Huko alikohamia, baadhi ya masomo aliyokuwa amefaulu hayakutambuliwa, akayarudia. Mwaka mzima ukapotea. Kahawa ya baba yake, ile ya butura, haikurudi.

Nimeieleza habari hii ili mjue kwamba ninapozungumza juu ya vyuo na matawi sizungumzi kama mtu anayesoma gazeti.

Sasa tuangalie vyuo hivi vilitoka wapi. Wazee wanakumbuka kwamba kwa miaka mingi ukisema Chuo Kikuu ulikuwa na maana ya kimoja tu. Kilianza mwaka 1961 Dar es Salaam, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea mwaka 1970. Mwaka 1984 kikazaliwa Sokoine kule Morogoro. Kijana wa Karagwe aliyefika huko alihesabika kwa vidole, na kijiji kizima kilimjua kwa jina.

Katika miaka ya tisini sheria ikarekebishwa, na watu binafsi pamoja na mashirika ya dini wakaruhusiwa kuanzisha vyuo vikuu. Walutheri walifungua Tumaini, chenye matawi Makumira, Iringa na Moshi. Maaskofu Katoliki walifungua Mtakatifu Augustino mwaka 1998, pale Nyegezi, Mwanza. Mahali pale hapakuwa papya. Tangu mwaka 1960 palikuwa na chuo cha mafunzo ya jamii alichokianzisha Askofu Joseph Blomjous, na waandishi wa habari wengi wa nchi hii walifundishwa pale. Makumira vilevile palikuwa na chuo cha theolojia tangu mwaka 1954. Shikeni jambo hilo, nitalirudia: vyuo hivi viwili vilijengwa juu ya kazi iliyokwisha kufanywa kwa miaka zaidi ya thelathini.

Mimi nilisoma Nyegezi baada ya kufundisha shule ya msingi miaka kadhaa. Nilifika na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba, kama mtu anayehama shamba. Nilijifunza pale jinsi chuo kikuu kinavyoendeshwa, jambo ambalo hapa sekondari hakuna aliyekuwa amenieleza. Yuko Mkuu wa Chuo, ambaye kazi yake kubwa ni ya heshima, kama kutunuku shahada. Liko Baraza la Chuo, ambalo hushika mali na mipango. Yuko Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mwendeshaji wa kila siku. Jina lisiwadanganye mkadhani ni msaidizi tu. Iko Seneti, ambayo huamua mambo ya masomo na mitihani. Chuo kikiwa na chuo kishiriki mahali pengine, huko nako kuna mkuu wake. Chini yao wako wakuu wa vitivo, kisha walimu wenyewe: wahadhiri wasaidizi, wahadhiri, wahadhiri waandamizi na maprofesa.

Mtakatifu Augustino kilipanuka upesi sana. Bugando, penye hospitali kubwa ya rufaa ya Mwanza, chuo cha udaktari kilianza mwaka 2003. Iringa kikaanza chuo cha Ruaha mwaka 2005. Pakawa na Mwenge kule Moshi, Stella Maris kule Mtwara, Askofu Mkuu Mihayo kule Tabora, Jordan kule Morogoro, Askofu Mkuu James kule Songea. Na kwetu Kagera, mjini Bukoba, kikaja chuo kishiriki chenye jina la Kardinali Rugambwa. Walutheri nao wakaweka Bukoba chuo kishiriki cha Tumaini Makumira chenye jina la Josiah Kibira.

Ndugu zangu, majina hayo mawili si madogo. Laurean Rugambwa ndiye Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu kufanywa Kardinali, mwaka 1960. Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashozi, ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984. Mkoa mmoja uliwatoa wote wawili. Watu wa Kagera walipoona vyuo viwili vyenye majina hayo wakasema: sasa mtoto wetu hatapanda tena meli kwenda kutafuta shahada.

Lakini mwaka 2020 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilifuta vibali vya vyuo kadhaa nchini, na katika orodha hiyo vyote viwili vilikuwamo, Rugambwa na Kibira. Kile cha Songea kilikuwamo pia. Kabla ya hapo, mwezi wa Julai mwaka 2017, Tume ilikuwa imezuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, baada ya ukaguzi wa walimu, majengo, maktaba na uendeshaji.

Watu wengi husikia habari kama hiyo wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Mimi nawaomba tutazame kwanza jinsi tawi dogo linavyoishi. Chuo cha namna hii hakipewi mishahara ya walimu na Serikali. Kinaishi kwa ada. Ada inatoka kwa wanafunzi, na wengi wao wanategemea mkopo wa Bodi, mkopo unaomfuata mwanafunzi popote alipo. Wanafunzi wakiwa 300 badala ya 1,000, ada haitoshi kumlipa mhadhiri mwandamizi. Basi chuo kinaajiri vijana waliomaliza juzi, na kinaazima maprofesa wa kuja mara moja kwa muhula. Mkaguzi akifika akikuta hivyo, anazuia wasiingizwe wanafunzi wapya. Bila wapya hakuna ada mpya. Bila ada mishahara inachelewa. Mishahara ikichelewa, mwalimu mzuri ndiye wa kwanza kuondoka kwa sababu ndiye anayetakiwa kwingine. Mkaguzi akirudi mara ya pili anakuta hali mbaya kuliko ya kwanza. Ni kama shimo la maji: ukishaingia mguu mmoja, kutoka ni kazi.

Mbona basi mengine yalisimama? Bugando ni chuo kikuu kamili. Mwenge na Ruaha pia vilikua vikasimama vyenyewe, kama Iringa ilivyojitenga na Tumaini kikawa Chuo Kikuu cha Iringa. Kila mmoja una sababu zake, lakini nikiyatazama naona mambo mawili. La kwanza ni hilo nililosema mshike: pale palikuwa na kazi kabla ya cheo. Madaktari wa Bugando walikuwa wakitibu wagonjwa tangu hospitali ilipofunguliwa mwaka 1971. Chuo kilipokuja kilikuta walimu wapo, na wagonjwa wa kujifunzia wapo. La pili, chuo kilijua kinafundisha nini. Tawi linalofundisha yaleyale yanayofundishwa kila mahali, ualimu na biashara, hushindana na kila mtu, na kijana akipata pengine huenda huko.

Tutoke nje kidogo. Katika nchi ya Mexico, kwenye mji wa Monterrey, mwaka 1943 wafanyabiashara wa mji ule, wakiongozwa na Eugenio Garza Sada, walianzisha chuo cha ufundi na elimu ya juu bila kungoja Serikali yao. Viwanda vyao vilihitaji wahandisi, wakaamua kuwafundisha wenyewe. Tangu mwaka 1947 wakawa wanaendesha bahati nasibu ya kukisaidia chuo, ili watoto wasio na uwezo nao wasome. Mwaka 1973 Garza Sada aliuawa na watu waliotaka kumteka. Chuo hakikufa naye. Leo kina matawi zaidi ya 20 katika nchi ile. Sisemi Nyakasimbi ni Monterrey. Wale walikuwa na viwanda, sisi tuna migomba na kahawa. Lakini fundisho ni lilelile. Chuo cha wale watu kilikuwa cha mji wao, si cha mtu mmoja, na walikitolea fedha kila mwaka, si siku ya kufunguliwa tu.

Hapo ndipo linaponiuma. Siku ya kuweka jiwe la msingi sisi watu wa Kagera tunajitokeza kwa ngoma na hotuba. Nani kati yetu alitoa hata debe moja la kahawa kila mwaka kwa ajili ya mshahara wa mhadhiri mmoja? Mimi sikutoa. Nasema hivyo mbele yenu bila kujificha. Nilijivunia majina ya Rugambwa na Kibira bila kuwachangia waliokuwa wakifundisha chini ya majina hayo.

Sasa Serikali, kwa mradi ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imeamua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiwe na tawi mkoani Kagera, pale Itahwa karibu na Bukoba. Ni jambo jema, tulipokee kwa furaha. Lakini mkopo hujenga ukuta. Mwalimu anakaa mahali anapoheshimiwa, anapolipwa kwa wakati na anapopata wanafunzi walioandaliwa vizuri. Kuwaandaa wanafunzi hao ni kazi ya shule kama hii yetu.

Ninyi vijana, kabla hamjajaza fomu, fanyeni mambo haya manne:

Kwanza, hakikisha Tume imekitambua chuo, tena imelitambua somo lenyewe unalolitaka, na tena katika tawi hilohilo unalokwenda. Makao makuu kuwa na sifa njema si dhamana ya kila tawi.

Pili, uliza walimu wa kudumu ni wangapi na wana elimu gani. Usiulize kuna ghorofa ngapi.

Tatu, tafuta mtu aliyemaliza pale, umwulize: je, kuna somo lililokaa bila mwalimu? Huyo atakwambia ukweli ambao hauandikwi kwenye tangazo.

Nne, shauriana na baba na mama mapema juu ya fedha, ili kahawa iuzwe ikiiva. Butura ni adui wa elimu yetu kuliko mtihani.

Nanyi wenzangu wa zamani, ombi langu kwenu ni moja. Chama chetu kianze mfuko mdogo, usio na makuu, wa kuwakopesha ada vijana wa shule hii mwezi ule mgumu kabla ya mavuno, warudishe kahawa ikiuzwa. Kaka yangu asingeuza butura kama mfuko huo ungekuwapo. Kijana wake, niwaambie kwa furaha, alimaliza, na sasa anafundisha. Leo yuko hapa, amekaa nyuma kabisa kwa sababu ni mwenye haya, sitamtaja. Mchango wa kwanza wa mfuko huo ameniletea yeye asubuhi, nami namkabidhi sasa Mweka Hazina mbele yenu, pamoja na wangu.

Mkono mmoja haulei mwana. Naona moshi wa jikoni umepungua, chakula kiko tayari.