Dashibodi za Afya katika Kaunti za Migori na Homa Bay: Tatizo la Seli Tupu

Dashibodi ya tovuti ni ukurasa unaokusanya takwimu kutoka chanzo kimoja au zaidi na kuzionyesha kwa grafu, majedwali na ramani, ili mwenye jukumu la kuamua aione hali bila kupekua rejista. Nchini Kenya chanzo kikuu cha takwimu hizo ni mfumo wa taarifa za afya unaojulikana kama KHIS, ambao umejengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyoasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ulianza kutumika nchi nzima mwaka 2011. Tangu mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza kutekelezwa, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Mambo haya washiriki wa semina wanayafahamu vyema.

Vilevile hakuna haja ya kueleza kirefu kwa nini kaunti hizi mbili zinahitaji takwimu za kuaminika. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikadiria maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13.0 Migori, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 4.9, nayo chanjo ya malaria ilizinduliwa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, mnamo Septemba 2019 kwa sababu ukanda wa Ziwa Viktoria ndio unaobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Suala linalostahili muda wa semina hii ni seli tupu. Fomu ya MOH 705A, yaani muhtasari wa wagonjwa wa nje walio chini ya umri wa miaka 5, ina safu mlalo kwa kila ugonjwa na safu wima kwa kila siku ya mwezi. Muuguzi wa zahanati ambaye yuko peke yake zamu nzima huhesabu vijistari alivyopiga, huandika jumla, na pale ambapo hakuna mgonjwa huweka deshi au huacha wazi. Fomu hutakiwa kufika kaunti ndogo kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na kuingizwa kwenye mfumo kabla ya tarehe 15. Ofisa wa kumbukumbu za afya aliyerundikiwa fomu za vituo vingi huipita deshi bila kuandika chochote, na hata akiandika sifuri, DHIS2 haiihifadhi sifuri hiyo isipokuwa msimamizi wa mfumo ameruhusu hivyo kwa kipengele husika. Hatimaye hali tatu zisizofanana hata kidogo zinasomeka sawa kwenye hifadhidata: hakuna aliyeugua, hakuna aliyehesabu, au vipimo vya malaria viliisha na hakuna aliyepimwa.

Kosa hilo hukua linapofika kwenye ramani. Kaunti ndogo ambayo vituo vyake vichache tu vimeleta taarifa hupakwa rangi hafifu ileile inayoashiria ugonjwa mdogo, na mkuu wa idara anayegawa vyandarua au dawa huiweka mwisho wa orodha, ilhali pengine ndiyo yenye shida kubwa zaidi. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi 5, ulionyesha hatari hiyo waziwazi: grafu zinazotegemea huduma za vituo vya umma zilishuka kwa sababu milango ilifungwa, na mbu wa Nyatike na Suba hawakugoma.

Wengi hudhani kwamba kiwango cha utoaji taarifa, yaani uwiano wa fomu zilizopokelewa kwa zile zilizotarajiwa, kinatosha kuwa kinga. Hakitoshi. Mfumo huihesabu fomu kuwa imekamilika mara tu kitufe cha kukamilisha kinapobonyezwa, hata kama nusu ya seli zake ni tupu, na kwa hiyo kaunti ndogo inaweza kusifiwa kwa asilimia 100 huku data yenyewe ikiwa na mashimo. Inasikitisha kwamba jambo hili limezungumzwa katika vikao vingi na bado dashibodi mpya hujengwa kila mfadhili mpya anapokuja, zikiwa na michoro mizuri zaidi juu ya mashimo yaleyale.

Lipo pia tatizo la asili, yaani namba ya chini katika sehemu, ambayo ni makadirio ya watu yanayotokana na sensa ya mwaka 2019. Wavuvi huhama na samaki kati ya visiwa vya Remba na Ringiti na fuo za bara, na familia huvuka mpaka wa nchi huko Isebania kutafuta huduma, ndiyo maana chanjo huweza kuzidi asilimia 100 mahali pamoja na kuonekana duni jirani.

Inapendekezwa, kwa heshima kwa mamlaka husika, kwamba idara za afya za kaunti ziombe Wizara ya Afya iruhusu sifuri kuhifadhiwa kwa magonjwa yote yanayofuatiliwa kila wiki na kwa malaria. Dashibodi yoyote itakayojengwa itumie rangi ya kijivu yenye mistari kwa eneo lisilo na taarifa, kamwe isitumie rangi hafifu ya ugonjwa mdogo. Kando ya kila idadi ya malaria iliyothibitishwa ionyeshwe idadi ya walioshukiwa na waliopimwa, kwa kuwa fomu tayari inazo. Kiwango cha utoaji taarifa kisindikizwe na kiwango cha seli zilizojazwa. Migomo na kuisha kwa vipimo viandikwe juu ya grafu yenyewe, katika mwezi husika. Muuguzi aelekezwe kuandika 0 badala ya deshi, na maelekezo hayo yachapishwe kwenye fomu. Ukurasa uwe mwepisi, data ivutwe usiku na kuhifadhiwa, ili ufunguke hata kisiwani Mfangano ambako mtandao hukatika. Kwa visiwa na vijiji vyenye watu wachache, idadi ndogo zifichwe, kwani mgonjwa mmoja wa VVU mahali ambapo kila mtu anajuana ni mtu anayetambulika, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda. Asili ya kila asilimia itajwe, pamoja na mwaka wake. Kabla ya fedha zozote kutengwa kwa dashibodi nyingine, seli tupu za miezi 12 iliyopita zihesabiwe kituo kwa kituo katika kaunti ndogo zote 16, na orodha hiyo iwasilishwe kwa wasimamizi wa vituo vyenyewe kwanza, maana wao ndio wanaojua ni ipi ilikuwa sifuri.