Presha Tuichore Tuione

Sisi presha zetu tunazichora kwa kompyuta ileile ya hesabu za akiba. Tuwaambie kwa nini.

Mama mmoja wetu alipimwa akapata 128/82. Akafurahi, akaacha dawa. Baadaye tuliandika vipimo vyake vya miezi miwili katika Excel: tarehe safu ya kwanza, namba ya juu safu ya pili, ya chini safu ya tatu. Msiandike 128/82 pamoja katika chumba kimoja, programu haitaichora. Tukaagiza grafu ya mistari. Loo! Namba ya juu ilikuwa ikipanda wiki baada ya wiki, mpaka ikapita 140. Mama alinyamaza, kisha akaomba ile karatasi aende nayo zahanati. Alirudi na dawa zake.

Lakini kompyuta huchora chochote uipacho. Ukipima tu baada ya kubeba maji, mstari utaruka bure. Keti kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee (hili kwetu ndilo gumu). Na jamani, andika namba uliyoisoma, si ile uliyoitamani.