MAZUNGUMZO: TANGAZO LA SERIKALI NA MSOMAJI ASIYEONA



Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya Mlima Kilimanjaro. Hata hivyo, kufika kwa intaneti si kufika kwa tangazo.

Chini ya mlima huo, mjini Moshi, Shule ya Msingi Mwereni husomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona. Asiyeona husomewa tovuti kwa sauti na kompyuta. Tangazo lililowekwa kama picha tupu humpita kimya. Kitufe kisichopewa jina hutajwa "kitufe" tu, naye hajui kama kinatuma fomu au kinaifuta.

Akili unde yaweza kuandika maelezo ya picha, lakini huweza kukosea tarehe na majina. Mtumishi hana budi kuyahakiki kabla ya kuyatoa.