Sanduku la kufuli tatu na simu ya namba moja

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa vya Handeni na Korogwe)



Mada yetu ni simu za mkononi na fedha za kikundi. Tunapowatembelea tunasikia maoni ya aina mbili. Wapo wanaosema simu ni mkombozi: mahindi yakiuzwa Handeni, mzazi analipa ada ya mtoto anayesoma Korogwe bila kupanda basi na noti zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga. Wapo pia wanaosema simu ni mwizi wa kisasa. Kila upande una sababu zake. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na huduma za namna hiyo zimefika hata vijiji visivyo na benki. Matapeli nao wamefika.

Kwanza, tukumbuke tulikotoka. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mtu wake. Hatukuweka utaratibu huo kwa kuwadhania wenzetu wizi, bali ili mtu mmoja asibebe peke yake kishawishi wala lawama. Leo vipo vikundi vilivyohamishia fedha kwenye laini ya mweka hazina. Jasho la watu ishirini na tano linalindwa na namba moja ya siri, anayoijua mtu mmoja. Akiugua ghafla au simu ikiibwa, kikundi kimesimama.

Pili, tuzijue mbinu za matapeli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Mwandishi wake hakujui. Anachojua ni kwamba kati ya wengi hao hakosekani aliyeahidi kumtumia mtu fedha siku ile. Wengine hutuma ujumbe wa uongo kwamba umepokea fedha, kisha hupiga wakiomba uwarudishie. Dawa yake ni kuangalia salio lako kwanza, usitegemee ujumbe. Na anayekuuliza namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu, ni tapeli.

Tatu, tuzungumzie aibu. Aliyetapeliwa huogopa kuchekwa, akanyamaza. Wakati amenyamaza, fedha zinatolewa kwa wakala. Dakika zile za mwanzo ndizo za kupiga 100 na kuomba muamala uzuiwe, na namba ya tapeli itumwe 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hupokea taarifa hizo. Kikundi kinachomcheka aliyeibiwa kinawafundisha wengine kuficha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne:

1. Fedha za kikundi zisikae kwenye laini binafsi. Zipo akaunti za vikundi, kama M-Koba iliyoanza mwaka 2019, ambazo fedha hutoka kwa idhini ya viongozi zaidi ya mmoja.

2. Salio lisomwe mbele ya wanachama kila mkutano, kama tulivyokuwa tukihesabu fedha za sandukuni.

3. Asiyejua kusoma achague ndugu mmoja anayemwamini amsomee ujumbe. Namba ya siri aibonyeze mwenyewe, asimpe wakala wala mjukuu.

4. Kila mmoja apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, aende kwa kampuni husika ifutwe.

Mkirudi vikundini, ulizeni swali moja: mweka hazina akipoteza simu leo, fedha zetu tutazipataje? Kama hakuna mwenye jibu, mkutano ujao uanze na ajenda hiyo kabla ya kukusanya hisa.