Jinsi Kompyuta Zinavyopelekeana Habari

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja anayo penseli na daftari. Somo letu la leo ni habari za intaneti. Najua wengi wenu mnazo simu zenye intaneti, lakini hamjapata kuelezwa yanayotendeka mkibonyeza.

Mtandao ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipelekeane habari. Na simu yako ya kisasa ni kompyuta pia, ijapokuwa ni ndogo. Mitandao ya dunia ikiunganishwa, huo kwa huo, hiyo ndiyo intaneti. Watu husema iko angani. Sivyo, habari nyingi zitokazo ng'ambo hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya mmoja wa namna hiyo, uitwao SEACOM, ulianza kazi mwaka 2009, nao unafika Mombasa na Dar es Salaam.

Sasa andikeni neno hili: itifaki. Maana yake ni mapatano. Kompyuta moja imetengenezwa China, nyingine Marekani. Zitaelewanaje, zisipopatana kwanza jinsi ya kuandika ujumbe na jinsi ya kusahihisha kosa? Mapatano hayo walianza kuyaeleza Wamarekani wawili, Vint Cerf na Bob Kahn, mwaka 1974. Sehemu zake kubwa ni mbili, nazo huitwa kwa herufi tu: IP na TCP.

IP ni kazi ya anwani. Kompyuta hujulikana kwa namba, kwa mfano 192.0.2.17. Hizo ni namba nne, na kila moja ni kati ya 0 na 255. Ukizipanga kwa kila namna utapata anwani 4,294,967,296, yaani chache kuliko watu wa dunia. Ndiyo sababu ikatungwa namna mpya yenye anwani ndefu zaidi.

Tuseme unampelekea ndugu yako picha ya mtoto. Picha haiendi nzima. Hukatwa vipande, viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa itokako, iendako, na namba yake ya zamu. Njiani mna mitambo iitwayo ruta, isomayo anwani na kuisukuma pakiti mbele, kama makarani wa posta wapangao barua. Pakiti nyingine hupotea. Hapo ndipo TCP inapofanya kazi: mpokeaji hutoa stakabadhi, na mpelekaji asipoipata, hupeleka kipande kile tena. (Redio haina adabu hiyo. Neno langu likikupita, limekupita.)

Lakini nani awezaye kukumbuka namba zote hizo? Kwa hiyo tunatumia majina, na zipo kompyuta zilizo kama daftari kubwa, ambazo kazi yao ni kugeuza jina kuwa namba. Mpango huo, uitwao DNS, ulitungwa na Paul Mockapetris mwaka 1983.

Nawaomba sasa msikilize sana, maana hapa fedha zenu zimo hatarini. Jina la intaneti husomwa kutoka mwisho. Tuseme benki yako inaitwa Mfano, na jina lake ni mfano.co.tz. Herufi tz ni za Tanzania, co ni za biashara, na mfano ndiye mwenyewe. Siku moja unaletewa ujumbe kwamba umepata zawadi, ufungue mfano.co.tz.bahati.com. Msomaji wa haraka huona neno mfano akaridhika. Wewe anza mwisho: com, kisha bahati. Mwenyewe ni bahati, si benki! Hayo yaliyotangulia mtu yeyote aweza kuyabandika mbele ya jina lake. Kukiwa na mkwaju, yaani alama hii /, mwisho wa jina ni kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina.

Wala usidanganywe na picha ya kufuli. Kufuli huonyesha kwamba habari zimefungwa njiani, asizisome mwingine. Mwizi naye aweza kuweka kufuli nyumbani kwake.

Sasa mwalimu wenu ataandika ubaoni majina haya matatu: mfano.co.tz, mfano.malipo.com, na malipo.mfano.co.tz. Kila mmoja aandike katika daftari lake ni yapi ya benki ya Mfano, na ni lipi la mgeni. Mna dakika tano.